Mizani Mbovu ya Chuo Kikuu Humpunja Mkata Chikichi



Wako watakaoshangaa kuona katika ukurasa huu, ambao kwa kawaida husema juu ya mishahara, zamu, ajali za kazini na makapita wasiojali watu, habari ya vyombo vya kufundishia sayansi katika vyuo vikuu. Watauliza: sisi wa Kigwena, tunaopanda michikichi toka alfajiri na kushusha mikungu kwa mgongo, yatuhusu nini mabomba ya kioo na hadubini za watu wa masomo makubwa huko Bujumbura? Wao wana shida zao, nasi tuna zetu.

Jibu letu ni kwamba jambo hili linatuhusu sana, tena linatugusa mfukoni. Vyombo vya maabara, au laboratwari kama vijana wetu wanavyosema, vikichakaa na visibadilishwe, hasara haibaki chuoni. Inateremka mlima, inafuata barabara ya ziwani mpaka Rumonge, inafika kwetu Kigwena na kuingia katika bei ya mafuta, katika mbegu tunazopanda na katika maji tunayokunywa. Tunaomba msomaji atuvumilie tueleze hatua kwa hatua.

MIZANI YA PILI TUSIYOIONA

Hakuna mfanyakazi wa shamba asiyeijua mizani. Ugomvi mwingi wa langoni kwa kiwanda huanzia hapo. Mtu ameleta mikungu yake, mpimaji anasoma namba, mwenye mzigo anaona amepunjwa. Ndiyo maana toka zamani chama kimedai mizani ikaguliwe, na mwenye mzigo aruhusiwe kutazama namba kwa macho yake.

Lakini iko mizani ya pili, nayo hupima uchachu wa mafuta. Mkungu ukishakatwa, na zaidi ukipondeka kwa kutupwa chini, ndani ya chikichi hufanyika kazi isiyoonekana: kimeng'enya kilichomo katika tunda huanza kuyavunja mafuta na kutoa tindikali. Kadiri mikungu inavyolala bila kupikwa, ndivyo tindikali inavyozidi. Kuipika kwa mvuke au kwa maji ya moto huizuia kazi hiyo, na ndiyo sababu inatakiwa mikungu ipikwe upesi, ikiwezekana ndani ya saa 24. Katika biashara ya dunia mawese ghafi huhesabiwa kuwa mazuri yakiwa na tindikali isiyozidi 5 kwa mia. Yakizidi hapo, mnunuzi hushusha bei au huyakataa, na hasara hurudi kwa aliyekata na aliyekamua.

Uchachu huo hupimwa hivi. Anapimwa kiasi kidogo cha mafuta kwenye mizani ya maabara, kama gramu 5. Yanayeyushwa katika spiriti ya moto, yanatiwa matone machache ya dawa iitwayo fenolfthalini, kisha soda kali, ile ile ya kutengenezea sabuni, inadondoshwa tone kwa tone kutoka katika bomba la kioo lenye mistari liitwalo bureti. Rangi ya waridi ikitokea na kukaa, mpimaji anafunga bomba, anasoma kiasi cha soda kilichotumika, anapiga hesabu. Ni kazi ya dakika chache. Hata mtu aliyeishia darasa la sita, kama sisi, akionyeshwa mara tatu ataweza kuifuata.

Sasa tazameni mizani hiyo ikiwa mbovu. Tuseme inaonyesha gramu 5 wakati mafuta yaliyomo ni gramu 6. Mafuta yenye uchachu wa 4.5 kwa mia yataandikwa kuwa na 5.4. Mafuta mazuri yamekuwa mabaya kwa kalamu tu, wala hakuna aliyeiba. Au tuseme soda imekaa miezi mingi katika chupa isiyofungwa vizuri. Hewa huipunguza nguvu, matone yanatakiwa mengi zaidi, na namba inapanda tena. Mkata chikichi hatajua. Ataambiwa mafuta yake yamechacha, atarudi nyumbani akijilaumu kwa kuchelewa njiani.

Nani angeweza kugundua kosa hilo? Ni kijana aliyefundishwa kutoiamini mizani mpaka aijaribu kwa jiwe lenye uzito unaojulikana, na kutoiamini soda mpaka aipime nguvu yake siku hiyo hiyo. Hayo hayafundishiki kwa ubao na chaki. Hufundishwa mezani, mikononi, mbele ya chombo kinachofanya kazi. Kijana aliyesoma mahali ambapo bureti moja inayovuja hutumiwa na kundi zima, mmoja akishika na wengine wakinakili namba yake, atatoka na cheti lakini hatatoka na mkono. Akiajiriwa kiwandani atasoma namba yo yote chombo kinayompa, na bwana mkubwa ataipokea kwa furaha kama inampunguzia malipo. Siku tutakaposema "pimeni tena", hatakuwapo mtu wa kusimama upande wetu.

MBEGU ILIVYOGUNDULIWA

Mfano wa pili ni michikichi yenyewe. Wengi wetu tunajua kuna chikichi yenye kokwa la ganda nene na nyama kidogo, na kuna chikichi ya ganda jembamba yenye nyama nyingi na mafuta mengi. Wataalamu huiita ya kwanza dura na ya pili tenera. Iko na ya tatu, pisifera, isiyo na ganda kabisa, ambayo mara nyingi maua yake ya kike huporomoka na mti hauzai kitu cha maana.

Siri ya aina hizi tatu haikugunduliwa Ulaya. Iligunduliwa hapa jirani, Yangambi katika Kongo, kwenye kituo cha utafiti cha wakoloni wa Kibelgiji kilichoitwa INEAC. Huko Beirnaert na Vanderweyen walipandisha mti kwa mti, wakapasua matunda, wakapima unene wa maganda na kuhesabu, na mwaka 1941 habari yao ikachapwa. Waliona kwamba dura ikipandishwa na pisifera, watoto wote huwa tenera. Lakini tenera ikipandishwa na tenera, robo ya watoto huwa dura, nusu huwa tenera, na robo huwa pisifera.

Maana yake kwetu ni hii. Mtu anayeokota mbegu chini ya mchikichi wake mzuri wa tenera na kuziotesha, akidhani atapata miti kama mama yake, anajipunja mwenyewe. Akipanda miti mia iliyotoka tenera kwa tenera, ategemee kama 25 itakuwa tasa au karibu na tasa, na mingine kama 25 itakuwa ya ganda nene. Atailimia na kuipalilia miaka mitatu au minne kabla ya kuujua ukweli. Mbegu halali ya tenera inatoka kwa dura na pisifera waliopandishwa kwa mkono, na hiyo hutoa mafuta mengi kuliko dura, kwa kiasi cha 30 kwa mia hivi.

Hesabu hiyo yataka vyombo gani? Kisu, mizani, kipimo cha unene, tanuri la kukaushia, chombo cha kuchujia mafuta, hadubini ya kutazamia chavua kama ni hai. Vyote ni vyombo vya darasani, vya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Nchi yetu ina taasisi yake ya utafiti wa kilimo, ISABU, toka mwaka 1962, na ina kitivo cha kilimo katika Chuo Kikuu. Lakini kituo cha utafiti hakiwezi kuwa bora kuliko vijana kinaowaajiri, na vijana hao hawawezi kuwa bora kuliko meza walizofundishiwa.

ZIWA LETU HUPIMWA NA NANI?

Mfano wa tatu ni ziwa. Wavuvi wa Kigwena na Rumonge wamelalamika miaka mingi kwamba ndagala na mukeke wamepungua. Wamelaumiwa kwamba wanavua kupita kiasi na kwa nyavu za macho madogo. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walitangaza kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto katika karne ya 20, kwamba maji ya juu yenye joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na kwamba chakula cha samaki kimepungua kwa kiasi cha 20 kwa mia. Walikadiria kwamba upungufu huo ungeweza kupunguza samaki kwa kiasi cha 30 kwa mia. Wavuvi wenye nyavu halali nao wangepungukiwa.

Habari hiyo ilitokana na kupima joto la maji kwa kina mbalimbali na kulilinganisha na vipimo vya zamani vilivyoandikwa toka mwaka 1913, na kuchunguza tope la chini ya ziwa. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini tunauliza: ziwa lenye kina cha mita 1,470, linalolisha nchi nne, litapimwa na wageni mpaka lini? Kipimajoto na chupa ya kuchotea maji ya kilindini si vyombo vya ajabu. Sheria za uvuvi hutungwa kwa vipimo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mvuvi anayekaa miezi mitatu bila kazi ana haki ya kujua vipimo vya ziwa lake vimechukuliwa na nani na kwa chombo gani.

Tena yako magonjwa. Mwambao huu unaujua kipindupindu toka miaka ya 1970, na mwezi wa Januari 2023 serikali ilitangaza tena mlipuko. Kujua kama maji ya bomba fulani yana vijidudu kunahitaji sanduku la joto la nyuzi 37, chungu cha mvuke cha kusafishia vyombo, na mtu mwenye mkono safi. Mtu huyo naye alifundishwa mahali.

VYOMBO HUZEEKAJE

Sisi tunaoshinda na mashine tunaelewa jambo hili kuliko wengi wanaokaa ofisini. Mashine ya kukamulia ikizeeka haifi siku moja. Skrubu yake inalika kidogo kidogo, mafuta yanabaki katika makapi, na mfanyakazi anafidia kwa nguvu zake mwenyewe mpaka mgongo unamuuma. Bwana mkubwa anaona mashine bado inazunguka, anasema haina ubaya.

Vyombo vya maabara ni vivyo hivyo. Viko vinavyodumu sana vikitunzwa. Hadubini nzuri yaweza kufanya kazi miaka 30 na zaidi, lakini katika joto na unyevu wa nchi ya ziwani ukungu huota juu ya vioo vyake, na usipofutwa mapema huvila vioo vyenyewe. Viko vinavyokufa haraka hata bila kutumiwa. Kidole cha kioo cha kupimia uchachu wa maji, kiitwacho elektrodi, mara nyingi hakipiti mwaka mmoja au miwili, na kikiachwa kikauke hufa kabla ya hapo. Taa ya spektrofotometa, chombo kinachopima rangi ya maji ili kujua kilichomo ndani yake, ina saa zake za kuwaka kama betri ya tochi. Na viko vinavyokuwa yatima. Chombo ni kizima, lakini kiwanda kilichokitengeneza kimeacha kutengeneza vipuri, au kompyuta inayokiendesha imekufa na mpya haielewani nacho.

Ongezeni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kila mara unaporudi hivyo, kuna kitu kinachoungua.

Waswahili walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Elektrodi ya bei ndogo isiponunuliwa kwa wakati, chombo kizima kinafunikwa kitambaa. Mwaka wa pili kinaibwa nyaya. Mwaka wa tano kinaandikwa kuwa kimekufa, na ombi linapelekwa nje la kupewa kipya.

KWA NINI HAVIKUBADILISHWA

Tusiwe watu wa kulaumu bila kujua historia. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kiliundwa mwaka 1964, kikapata jina la Chuo Kikuu cha Burundi mwaka 1977. Kikaja kipindi cha vita kilichoanza mwaka 1993. Kuanzia Julai 1996 mpaka Januari 1999 nchi jirani zilitufungia njia za biashara, na vipuri vya kila namna vikawa tabu kupatikana. Mwezi wa Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha fedha zake za moja kwa moja kwa serikali, na uamuzi huo haukuondolewa mpaka Februari 2022. Mwezi wa Mei 2023 faranga yetu ilishushwa thamani sana. Kila chombo kinachonunuliwa kwa dola kikawa ghali zaidi siku hiyo hiyo, bila kubadilika hata msumari mmoja.

Hayo yote ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine isiyotoka nje. Kiwanda chenye mhasibu mwenye akili hutenga kila mwaka fedha za uchakavu. Tuseme mashine imenunuliwa kwa faranga milioni 10 na inatazamiwa kudumu miaka 10. Kila mwaka milioni 1 inawekwa kando, na kwa kuwa bei hupanda, inawekwa zaidi ya hiyo. Siku mashine inapochoka, fedha ya nyingine ipo. Vyuo vya nchi nyingi za Afrika vilipewa vyombo kwa zawadi au kwa mkopo, vikafunguliwa kwa hotuba na picha, na hesabu ya uchakavu haikuwekwa. Kitu kilichokuja bila hesabu huondoka bila hesabu.

ZAWADI ZISIZOFANYA KAZI

Wako wanaosema dawa ni kuomba. Mwaka 2011 watafiti wawili, Lora Perry na Robert Malkin, walitangaza hesabu ya vyombo vya hospitali 112,040 katika nchi 16 zenye upungufu. Waliona kwamba wastani wa 38.3 kwa mia ya vyombo hivyo havifanyi kazi. Sababu kubwa walizozitaja ni ukosefu wa mafunzo, ukosefu wa utaratibu wa kuvitunza, na upungufu wa umeme, maji na mengineyo yanayohitajika kuviendesha. Hesabu hiyo ni ya hospitali, lakini maabara ya chuo ni ndugu ya hospitali, nayo hula ugonjwa ule ule.

Hatukatai zawadi ya rafiki wa kweli. Tunakataa jalala linalosafirishwa kwa jina la msaada: chombo cha volti 110 kinacholetwa katika nchi ya volti 220, kitabu chake cha maelezo kimepotea, vipuri vyake havitengenezwi tena, na gharama ya kukitoa bandarini mpaka Bujumbura inalipwa na anayepewa. Aliyekitoa amepata nafasi katika ghala lake. Sisi tumepata kazi ya kukizika.

Mkopo nao una macho mawili. Tanzania mwaka 2021 ilipata kutoka Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vikuu vyake, na sehemu yake ni ya kujenga na kuvipatia vyombo madarasa na maabara. Ni jambo jema na tunawatakia heri majirani. Lakini swali ni lile lile kwao na kwetu: mwaka wa nane, taa zitakapoungua na elektrodi zitakapokauka, nani atalipa? Mkopo hununua chombo, lakini lazima awepo mtu wa kukitunza.

WANAOPINGA WANA HOJA

Wako wenzetu, tena wafanyakazi waaminifu, wanaosema: tengenezeni kwanza shule za msingi. Watoto wa Kigwena wamebanana madarasani, na ninyi mnataka fedha ziende kwa watoto wa wakubwa. Hoja hii hatuidharau. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi fedha za elimu ya juu zimeishia katika magari na safari.

Lakini tufikiri pamoja. Mwalimu wa sayansi anayemfundisha mtoto wako alifundishwa na nani? Alitoka katika vyuo hivi hivi. Asipowahi kushika hadubini kwa mikono yake, atamfundisha mtoto wako kuchora hadubini katika daftari, na mtoto atapata alama kumi kwa kumi kwa kuchora kitu ambacho wala yeye wala mwalimu hajakitumia. Mtoto wa mkubwa hana shida, atapelekwa nje. Wa mkata chikichi ndiye atakayebaki na mchoro. Maabara mbovu ya nchi haimdhuru tajiri, humdhuru yule asiye na mahali pengine pa kusomea.

Wengine wanasema siku hizi jaribio laweza kutazamwa katika kompyuta, na ziko hata hadubini za karatasi, kama ile iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake huko Marekani na kutangazwa mwaka 2014, ambayo vipande vyake hugharimu chini ya dola moja. Hadubini ya karatasi tunaikaribisha, hasa katika shule za vijijini, kwa maana humwonyesha mtoto kitu cha kweli kwa macho yake. Lakini haimfundishi mtu kupima uchachu wa mafuta. Na picha ya jaribio haimfundishi mtu kazi, kama vile picha ya mchikichi isivyomfundisha mtu kuupanda. Katika picha soda haimwagiki, mizani haidanganyi, namba hutoka sawa kila mara. Kiwandani si hivyo.

TUNADAI NINI

Kwa kuwa chama hakisemi tu bali hupendekeza, haya ndiyo maoni yetu.

Kwanza, kabla ya kununua, vihesabiwe vyombo vyote vilivyopo, vizima na vibovu, na vinavyoweza kutengenezwa vitengenezwe. Tunaamini viko vingi vilivyolala kwa kukosa fyuzi, mpira au taa.

Pili, vinunuliwe kwanza vyombo vya watu wengi: mizani, bureti, hadubini, vipimajoto, tanuri. Wanafunzi wawili kwa chombo kimoja, wasiwe kumi na tano. Mashine moja kubwa ya kupigia picha na mawaziri ije baadaye, baada ya meza za wanafunzi kujaa.

Tatu, chombo kisinunuliwe wala kisipokewe bila vipuri vya miaka kadhaa, bila kitabu cha maelezo katika lugha wanayoisoma mafundi wetu, na bila kujulikana ni nani karibu anayeweza kukitengeneza. Vyuo vikubaliane kununua aina moja, ili kibovu cha huku kitoe kipuri kwa cha kule.

Nne, fedha ya uchakavu iwekwe kila mwaka katika hesabu, isiguswe kwa safari wala kwa karamu, na hesabu yake isomwe mbele ya wawakilishi wa wanafunzi na wa wafanyakazi wa chuo.

Tano, na hili ni letu zaidi, fundi wa maabara aheshimiwe. Huyu ndiye mfanyakazi mwenzetu aliyesahauliwa. Profesa anaondoka, mwanafunzi anahitimu, fundi ndiye anayebaki na funguo na anayejua chombo gani kinakohoa. Aajiriwe kwa mkataba wa kudumu, apelekwe kusoma, alipwe kama mtu mwenye ujuzi, na apewe glavu, miwani na bomba la kutolea moshi wa dawa linalovuta kweli. Kununua chombo cha mamilioni na kumwachia mtu wa kibarua akitunze ni sawa na kununua lori na kumnyima dereva leseni.

Sita, mlango wa maabara ufunguliwe. Itengwe siku moja kila juma ambapo chama cha ushirika, mwenye mashine ndogo ya kukamulia au mvuvi aweze kuleta chupa ya mafuta, udongo au maji, na wanafunzi wapime chini ya mwalimu wao. Mwanafunzi atapata zoezi la kweli, na mwananchi atapata namba ya pili ya kulinganisha na ile ya mnunuzi. Siku hiyo mfanyakazi hatauliza tena chuo chamhusu nini.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Viwanda vyetu viwapokee wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi, tusiwacheke kwa mikono yao laini. Wafua vyuma wetu wana mashine za kuchongea vyuma. Mguu wa hadubini uliovunjika na kishikio cha bureti si kazi ngumu kwao. Na katika mikutano ya matawi, wajumbe waulize waziwazi kila tunapoambiwa mafuta yamechacha: yamepimwa kwa mizani gani, ilikaguliwa lini, na nani mwingine amepima? Swali hilo halihitaji cheti. Linahitaji watu wanaoliuliza kwa sauti moja, mwezi baada ya mwezi, mpaka lijibiwe kwa karatasi.

Mkata chikichi na fundi wa maabara wanakula katika sahani moja, ijapokuwa hawajaonana. Mmoja akifanya kazi kwa chombo kibovu, mwingine anapunjwa.

Umoja ni nguvu.